Ngalawa Haichaguliwi kwa Sifa za Mwezi Uliopita

Tangu resi ya ngalawa ya Nungwi, kaskazini ya Unguja, imalizike Jumapili, simu yangu haijapoa. Jumamosi usiku niliandika hapa ngalawa tatu za mwanzo kwa mpangilio wake: Subira, Wivu Haufai, Kipanga. Na zikaja hivyo hivyo, moja, mbili, tatu. Wale walioniambia usiku ule nirudi kwenye cherehani yangu, sasa wote wananiamkia. Shikamoo dada, marahaba. Dada mtaalamu. Mmoja kaniita hadi ustadhat.

Kuna kijana wa Fuoni kaniandikia: "Assalaam alaykum dada yangu. Tupe na sie hiyo siri, maana kila resi tunapigwa." Wa alaykum salaam mdogo wangu. Hilo la kupigwa nitalirudia, kwa sababu nimelisoma nikalielewa. Ama siri, hakuna, ila kuna kazi ambayo wengi wenu hamtaki kuifanya. Mnataka kutabiri mkiwa mmelala chali na simu kifuani.

Nimezaliwa Nungwi. Baba yangu alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini, na mnaoijua Nungwi mnajua maana yake. Gogo la mwembe likifika pwani, alikuwa haligusi kwa tezo, ile zana ya kuchongea, siku ile. Atalizunguka, atachuchumaa, atalipiga kofi, atakwenda kuswali, atarudi kulitazama tena. Watu wakimcheka. Sie watoto wa kike hatukuruhusiwa kutia mguu kwenye chombo kipya, lakini hakuna aliyetukataza kutazama. Kaka zangu wakapewa bahari, mimi nikapewa sindano. Ami yangu alikuwa mshona matanga, na kabla sijamaliza skuli nilikuwa najua kuunga vipande vya kitambaa cha marekani kwa mkono, mshono ukakaa bila kuvuta. Leo nina duka la kushona mjini, Mikunguni, nashona nguo za harusi na sare za skuli, lakini tanga nikiliona bado nalisoma kama barua ya mtu ninayemjua.

Nawaelezea haya ili mjue sikuokota. Mtu akishinda mara moja mnasema kabahatisha. Mwanamke akishinda mnasema kaambiwa na mumewe. Mume wangu anauza vipuri vya Vespa, hajui joshi wala demani, upande wa upepo wala upande wa pili, muulizeni.

Jambo lililonifungua macho halikutokea hata Unguja. Nilikwenda Nairobi kwa harusi ya binamu yangu, na shemeji mmoja akatupeleka Ngong kutazama mbio za farasi. Uwanja ule ni wa tangu 1954. Ukiingia unapata karatasi ya mbio za siku nzima: jina la farasi, mpandaji wake, uzito atakaobeba, na nafasi alizopata kwenye mbio zake za karibuni. Farasi aliyeshinda sana, kwenye mbio nyingi, hubebeshwa uzito zaidi ili wenzake nao wapate nafasi. Watu wanaisoma karatasi ile wamekunja uso kama wanasoma mirathi. Lakini nikaona wazee wachache hawashughuliki nayo sana. Wao wamesimama kwenye ukingo wa kile kiwanja kidogo ambako farasi huzungushwa kabla ya mbio, wanatazama miguu, jasho, masikio, namna mnyama anavyotembea leo. Nikasema moyoni, huyu ni baba yangu na gogo lake.

Kwetu karatasi hakuna, na uzito haugawiwi na mtu. Kuna maneno ya barazani tu: Kipanga ilichukua ushindi Agosti, basi Kipanga. Hapo ndipo mnapopotea wote. Agosti ni kusi, upepo wa kusini. Kusi ya Agosti ina nguvu, inataka tanga kubwa na watu wazito wa kukaa kwenye rengu la joshini, ule mti wa pembeni upande wa upepo, ili chombo kisilale. Kipanga ni ngalawa ya namna hiyo, pana, na mabaharia wake watano kila mmoja ana kifua cha mchukuzi wa bandarini. Sasa ni Disemba. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ndiyo kwanza imeingia, bado changa, asubuhi inavuma kwa kusitasita. Watu watano wazito kwenye upepo mdogo ni mzigo. Wivu Haufai ilitoka na vijana watatu wembamba.

Halafu kuna njia yenyewe. Resi ilitoka ufukweni Nungwi ikazunguka boya upande wa Kendwa, ikarudi. Kendwa iko kusini ya Nungwi. Wakati wa kusi unaanza kwa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, unarudi na upepo mgongoni. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake: kwenda ni mteremko, kila mtu anaonekana hodari, kurudi ndiko kubisha. Kwa hiyo aliyeshinda Agosti alimaliza shida yake mwanzoni akiwa na nguvu. Jumapili shida ilikuwa mwishoni, mabaharia wamechoka na jua limepanda. Hili halihitaji elimu ya chuo. Linahitaji ujue upepo unatoka wapi kabla hujafungua mdomo.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri nilishuka pwani. Ngalawa zilikuwa zimevutwa juu, chini ya mivinje. Nikaanza na Subira. Nikaipiga kofi ubavuni, ikalia kavu. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anaisugua, mmeitoa lini majini? Akasema tangu wiki iliyopita, nahodha kakataza hata kuisogeza. Mti unakunywa maji, jamani. Ngalawa inayolala majini kila siku ni nzito kuliko ndugu yake aliyekauka juani, hata kama wamechongwa na fundi mmoja. Tena Subira ilikuwa imepakwa sifa upya, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, harufu yake ilinipokea kabla sijaiona. Nikaenda kwa Kipanga, nikapiga kofi, ikalia du, sauti imezama. Ilikuwa inavua hadi Ijumaa. Siwalaumu, watu wana watoto wa kulisha, lakini mimi nilikuwa pale kutafuta mshindi, sikwenda kutoa pole.

Nikaomba kuona tanga la Kipanga. Walicheka, wakalikunjua. Kulikuwa na kiraka kipya cha kiroba cha unga, maandishi bado yanasomeka, kimeshonwa kwa mshipi wa kuvulia kwenye pindo la nyuma, kule upepo unakoliacha tanga. Aliyekishona alivuta uzi kwa nguvu zake zote, kila mshono ukala kitambaa kidogo, na pindo zima likajikunja urefu wa mkono. Nilipitisha kidole pale nikajua. Ukienda na upepo mgongoni, kiraka hicho hakikuzuii kitu. Ukianza kubisha, pindo lililojikunja linapigapiga, na tanga linalopigapiga halivuti. Hapo hapo nikaishusha Kipanga kutoka ya kwanza hadi ya tatu. Sikuishusha zaidi kwa sababu ya nahodha wake. Yule mzee hajui kukata tamaa, wala hapigi kelele. Nahodha anayepiga kelele mwogopeni, watu wake wanafanya kila jambo kwa kuchelewa.

Wivu Haufai ilikuwa na tanga safi na watu wepesi, ila nahodha ni mgeni wa maji yale, na kugeuza tanga kulikuwa hakujawaingia vijana wake. Nyote mnajua foromali, ule mti uliobeba tanga, lazima ipitishwe mbele ya mlingoti kila mnapogeuza upande, na ukichelewa kidogo tu chombo kinasimama kama punda aliyekasirika. Kwenye kubisha unageuza mara nyingi. Ya pili ikawatosha.

Siku yenyewe sitawachosha nayo. Kipanga ilifika boya la Kendwa ya kwanza, na simu yangu ikajaa matusi. Nimeyahifadhi yote. Zilipogeuka kurudi, hata kwa mbali niliona lile pindo linavyocheza. Subira ikachukua upande wa nje kwenye upepo, ikageuza mara chache kuliko wote, mengine mnayajua.

Sasa niseme la moyoni. Ijumaa kabla ya resi, watu wa redio moja, siitaji, walinipigia simu. Dada tunataka orodha yako, tutakutaja hewani. Jumamosi nilipotoka pwani nikawapa, tena na sababu zake, mpaka kile kiraka. Jumapili saa moja asubuhi nasikiliza, mchambuzi wao mwanamme anaisoma orodha yangu neno kwa neno. "Kwa uchambuzi wetu." Kiraka cha kiroba kakitaja kama kakishona yeye. Jumatatu alipongezwa. Nilipiga simu, nikaambiwa mtangazaji yuko kwenye kikao. Hadi leo kikao hakijaisha. Sitaki fedha yao. Nilitaka wataje kwamba aliyeona ni mwanamke, binti wa fundi wa Nungwi, ili mtoto wa kike anayesikiliza jikoni na mama yake ajue inawezekana. Basi. Ndiyo maana sasa naandika kwanza hapa, na saa inaonekana.

Tukirudi kwako mdogo wangu wa Fuoni. Mnapigwa kwa sababu mmeweka fedha. Kamari imekatazwa, Surat Al-Maida aya ya 90 iko wazi, sina la kuongeza juu ya maneno ya Mola. Lakini hata ukiacha dini, ambayo haiachwi, fedha inaharibu jicho. Ukishaweka shilingi kwa Kipanga, kile kiraka hukioni tena. Utakiona kimekaa vizuri tu. Nimewaona wanaume wazima wakibishana na upepo kwa sababu ya elfu ishirini. Vijana, amkeni. Shukeni pwani, tazameni wenyewe, ulizeni kwa adabu, shikeni kitambaa kwa mkono. Asiyeshuka pwani asitabiri. Nasema tena, asiyeshuka pwani asitabiri.

Na angalieni maji, hili wengi wanalisahau, hasa resi zikiwa pwani ya mashariki. Siku za bamvua, yale maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji kwetu hutoka kiasi cha saa nne asubuhi na hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Matemwe au Jambiani saa nne ya bamvua unatembea kwa miguu karibu hadi mwambani. Resi ya saa hiyo lazima ifanyike nje ya mwamba, kwenye mawimbi, na ngalawa nyepesi niliyoisifu hapo juu itarushwarushwa. Ikifanyika jioni, ndani, kwenye maji yaliyojaa na kutulia, ngalawa ile ile inakuwa malkia. Maji mafu, ya mwezi nusu, ni hesabu nyingine, saa zake nazo zinahama.

Mmeniuliza wengi kuhusu resi za shamrashamra za Mapinduzi, mwezi ujao. Januari kaskazi huwa imekomaa, ina kifua, na watu watano wa Kipanga watakuwa na kazi ya kufanya. Mimi naipa Kipanga ya kwanza, kwa sharti mbili: waifungue ile mishono na kukishona kiraka upya, na wasiende kuvua nayo wiki ya mwisho. Nimemtumia nahodha salamu kwamba tanga alilete Mikunguni, nitamshonea bure. Hajajibu. Asipolileta, ya kwanza ni Subira na Kipanga ya pili. Wivu Haufai siitaji kwenye tatu bora mpaka niwaone wale vijana wakigeuza tanga bila kuangaliana, na kwa hilo nitashuka Nungwi tena Jumamosi inayotangulia resi.