Seli ya jua kwa rangi ya majani: tulivyojaribu hapa Tanga

Mkuu, umeuliza kama ni kweli rangi ya majani inatoa umeme, maana kijana wako wa kidato cha sita anataka kutengeneza seli ya jua kwa kisamvu na wewe unaogopa kutupa hela. Ni kweli inatoa. Ila kisamvu kitamwangusha. Nimefundisha kemia Ngamiani miaka mingi, na nilianzia hapohapo anapotaka kuanzia yeye.

Tulitwanga kisamvu, tukakiloweka kwenye spiriti, tukachuja kwa kitambaa. Tukaazima kwa wakala wa pesa wa jirani ile taa ya kukagulia noti bandia. Tulipoimulika chupa gizani, kijani kikageuka chekundu kama kaa la moto. Darasa zima lilisimama. Wekundu ule ni mwanga uliomezwa na klorofili, nguvu yake ikakosa pa kwenda, ikarudi nje. Seli inataka nguvu hiyohiyo itoke kama elektroni kabla haijapotea.

Kioo chake si cha dirishani, kina upande uliopakwa tabaka linalopitisha umeme. Hicho ndicho kilichokula hela. Juu yake tulipaka uji wa titani dioksidi, unga mweupe unaotiwa hata kwenye rangi za ukuta, tukauchoma kwenye nyuzi 450 hivi kwa nusu saa. Unapiga hudhurungi, halafu unarudi mweupe. Kiacheni kipoe polepole, sisi tulipasua viwili kwa haraka zetu.

Tukakizamisha kwenye maji ya kisamvu usiku kucha. Asubuhi nikakisuuza kwa spiriti na kijani chote kikateremka mbele ya macho yangu. Kingine tulikizamisha kwenye choya, yale maua mekundu ya juisi: zambarau ikang'ang'ania, haikutoka. Kioo cha kufunikia, kisichopakwa uji, tukakisugua risasi ya penseli, tukakilaza juu ya kile cha choya, katikati tone la iodini, tukabana kwa vibanio. Jua la saa sita, mita ikasoma volti 0.4.

Klorofili ina mkia mrefu wa mafuta na haina mkono wa kushika titani. Choya inao. Hapo ndipo pofirini inapoingia. Pofirini ni ile pete iliyo katikati ya klorofili. Majani yameweka magnesi ndani yake, damu yetu imeweka chuma. Wanakemia wakaweka zinki, wakaifunga mkono wa asidi upande mmoja ili ishike titani, na upande wa pili kikundi kinachosukuma elektroni kuelekea mkono huo. Wakaongeza minyororo mirefu pembeni ili elektroni iliyokwisha kuvuka isirudi kwenye kimiminika kilicho katikati ya vioo. Mwaka 2011 seli ya namna hiyo iligeuza asilimia 12.3 ya nguvu ya jua kuwa umeme, na 2014 ikafika 13. Seli za kwanza za aina hii zilizovuma, za 1991 kule Uswisi, zilikuwa kama asilimia 7, tena kwa rangi yenye rutheni, metali ghali.

Pete hii inameza sana zambarau na buluu, nyekundu kiasi, kijani inakiachia kipite. Ndiyo maana ile ya 2011 ilichanganywa na rangi nyingine ya kuziba pengo hilo.

Kwa nini hazijajaa madukani? Kimiminika. Zetu zilikauka siku ya tatu kwa joto letu hili, na iodini ilishaanza kula kingo. Paneli za silikoni zinapita asilimia 20 na zinakaa miaka juu ya bati. Lakini usiidharau pete hii: ikiwekwa platini ndani yake, inafanya kazi kinyume, inapokea umeme na kutoa mwanga mwekundu, na mwaka 1998 ilitumika kwenye taa nyembamba za ogania, yaani za kemikali za kaboni (OLED), ndugu wa vioo vya simu za leo.

Kwa hiyo mnunulie vioo vinne, choya aipate Mgandini. Kisamvu asikitupe, akiweke kwenye chupa pembeni na taa ya noti. Na spiriti ikae mbali kabisa na jiko.