Sloti zimeisha na mlango wa tatu bado haujafunguliwa

Safari hii maswali yote ni ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la tano. Najibu kwa kanuni za 2014. Pale ambapo vitabu vya 2024 vimebadilisha jambo, nitasema.

Wizadi wangu (mhusika mchawi) yuko ngazi ya 3 na kila mara anaishiwa uchawi kwenye pambano la pili. Nifanyeje?

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Katika ngazi hiyo una sloti sita tu, yaani nafasi sita za kurusha speli (uchawi mmoja mmoja): nne za daraja la 1 na mbili za daraja la 2. Mapambano mengi huchukua raundi tatu au nne. Ukichoma sloti kila raundi, la pili litakukuta mikono mitupu.

Rusha speli moja nzito mwanzoni, ya ile aina unayoishikilia kwa umakini. Utando wa buibui wa daraja la 2 unaweza kuziba njia hadi saa nzima, mradi adui asikupige ukapoteza umakini huo. Raundi zinazobaki tumia kantripi, speli ndogo ambazo hazina kikomo. Mshale wa moto wa dadu moja ya pande kumi haumtishi mtu, lakini ni wa bure. Kugundua uchawi au kutambua kifaa cha ajabu, fanya kwa njia ya tambiko: linaongeza dakika kumi, sloti haiguswi, na wewe wizadi huhitaji hata kuiandaa speli hiyo asubuhi ikiwa imo kitabuni mwako.

Halafu kuna ile haki ya wizadi ya kurejesha sloti mara moja kwa siku baada ya pumziko fupi, lile la saa moja. Kwa ngazi yako inarudisha sloti moja ya daraja la 2, au mbili za daraja la 1. Soma tena ukurasa wako wa mhusika. Nina shaka hujawahi kuitumia.

Mimi ndiye mwendesha mchezo. Kundi langu linapigana mara moja, linamaliza speli zote, kisha linalala. Nimechoka.

Anza na kanuni yenyewe. Pumziko refu, lile linalorudisha sloti zote, ni saa nane, angalau sita za usingizi, na mhusika hanufaiki nalo zaidi ya mara moja katika saa 24. Vitabu vya 2024 vinataka saa 16 zipite kabla ya kuanza jingine. Kundi lililoamka saa kumi na mbili asubuhi na kupigana saa mbili haliwezi kulala likaamka jipya saa kumi jioni. Litakaa tu pangoni siku nzima, na huo muda ni wako.

Utumie. Goblini walioona wenzao wakiuawa hawabaki vyumbani mwao wakisubiri zamu. Wanaziba mlango, wanaomba msaada, wanahamisha hazina. Mateka aliyepangiwa kutolewa kafara usiku wa manane anatolewa usiku wa manane. Waambie wachezaji mapema, waziwazi, kwamba saa inakwenda. Wakichagua kulala, wawe wamechagua wakijua.

Nisichokushauri ni kuwavamia kila usiku. Kwanza, wachezaji wanaona wenyewe kuwa ni adhabu. Pili, haifanyi kazi: raundi ni sekunde sita, na kanuni ya 2014, kama ninavyoisoma mimi, inataka saa nzima ya purukushani ndipo pumziko refu livunjike. Kwa 2024, kurusha dadu za kuanza pambano tu kunalikatiza, lakini wanaweza kuliendeleza kwa kuongeza saa moja.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye hesabu ya siku. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 ulikadiria kuwa kundi linaweza kuhimili mapambano sita hadi nane ya wastani au magumu kwa siku, na mapumziko mafupi mawili katikati. Nani anamaliza yote hayo Jumamosi moja? Lakini siku ya mchezo si lazima iishe mnapofunga vitabu. Kila mtu aandike sloti zilizobaki, na wiki ijayo mnaendelea adhuhuri ileile. Badiliko hili moja linaponya meza nyingi kuliko uvamizi wowote.

Nacheza woloki, mchawi wa aina nyingine. Nina sloti mbili, na wenzangu hawataki kusimama hata kidogo.

Una haki ya kulalamika. Woloki hubaki na sloti mbili kuanzia ngazi ya 2 hadi ya 10, na fidia yake ni kwamba zinarudi kwa pumziko fupi la saa moja. Bila hilo umeibiwa. Usiwaombe kwa ajili yako. Mfuate mpiganaji, ambaye uwezo wake wa pumzi ya pili na wa tendo la ziada unarudi kwa saa hiyohiyo. Mkiwa wawili, wizadi atakubali.

Je, nipige marufuku speli ya kibanda cha Leomund?

Hapana. Ni kuba la nusu kipenyo cha mita tatu hivi, linadumu saa nane, mishale na speli hazipenyi, na wizadi wa ngazi ya 5 hulipata kwa tambiko bila sloti. Wacha walale. Lakini kuba lenyewe linaonekana kwa nje, wala haliwazuii maadui kulizingira wakiwa na mikuki, na mrushaji akitoka tu, linatoweka. Adui mwenye speli ya kuondoa uchawi pia yupo, ila mtumie kwa nadra.

Tumesikia kuhusu kanuni ya hiari ambapo pumziko fupi ni saa nane na refu ni siku saba. Inafaa?

Kwa safari ndefu na siasa za mjini, ndiyo. Kwa mapango yenye vyumba ishirini, hapana kabisa. Na sema kabla watu hawajachagua wahusika: wizadi anayetegemea deraya ya kichawi ya saa nane ataumia vibaya.

Mhusika wa jamii ya elfu (elf) anamaliza pumziko refu kwa saa nne?

Ndiyo. Bado ni mara moja kwa siku, kwa hiyo saa nne zinazobaki mpe zamu ya ulinzi.