Mafuta yako, lenzi ya wote

*Shikamoo. Kwenye hadubini ya chumba chenu, nikishaangalia slaidi ya damu kwa lenzi ya 100 (ya kukuza mara 100) yenye mafuta, nikirudi kwenye ya 40 kuna ubaya? (Mtafiti, Bagamoyo)*

Marahaba. Upo, na nimeshachoka kuusema. Lenzi ya 40 kwa kawaida ni kavu, na hukaribia slaidi mno, kwa hiyo ukiizungusha tu inajipaka mafuta. Yakikaukia hapo, anayekufuata anaona picha hafifu, anadhani rangi ya Giemsa aliyotia kwenye damu imemharibikia, anarudia kazi ya asubuhi nzima. Ukishatia mafuta, baki kwenye 100 au toa slaidi uifute. Na lenzi ifutwe kwa karatasi yake, si kwa pindo la kanga. Ndiyo, nimekuona.

*Naweza kuona virusi vya UKIMWI kwa hadubini yenu ya mwanga?*

Hapana. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alilieleza hilo mwaka 1873: mwanga hautenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, na virusi hivyo ni vidogo kuliko hapo, hata ukilipia saa mbili za hadubini.

*Hadubini ilitolewa bure na wafadhili. Malipo ya kwa saa ni ya nini? (Chumbageni, Tanga)*

Mfadhili alitoa mashine, hakutoa balbu. Ile ya zebaki huisha baada ya saa 200 hivi, na kila ukiiwasha na kuizima ovyo unaila zaidi. Ukiiwasha, iache nusu saa. Ukiizima, isubiri ipoe. Taa za LED zingetupumzisha, lakini kila andiko la kuomba fedha ninalosoma lina fungu la kununua, la matengenezo halimo. Halafu mwaka wa tatu mnauliza mbona imefunikwa nailoni.

Na hiyo nailoni yenyewe! Inazuia vumbi, ila kwa hewa yetu ya bahari inafungia unyevu ndani, na kuvu huota juu ya lenzi hadi kioo kinaliwa. Weka chembe za silika za kunyonya unyevu chini yake, na zikibadilika rangi zikaushe kwenye oveni. Kiyoyozi cha kuzimwa jioni nacho ni adui: joto na unyevu vinarudi chumbani, na umande unatua kwenye vioo vilivyobaki baridi.

*Lenzi ni safi lakini picha haina ukali.*

Soma ubavuni mwa lenzi: 0.17. Huo ni unene wa kioo chembamba cha kufunikia sampuli, kwa milimita. Wewe umeweka viwili.

*Picha zangu mnanihifadhia?*

Kompyuta ya chumba inafutwa kila Ijumaa saa tisa alasiri. Ukikumbuka saa kumi, usinipigie.