Kwa nini mikaratusi ikatwe Ondiri

Ndugu, umeuliza kwa nini mikaratusi ikatwe kando ya kinamasi cha Ondiri, eti mti ni mti. Hapana. Mkaratusi hunywa maji kupita kiasi, na Ondiri, hapo mjini Kikuyu, Kenya, ndiko Mto Nairobi unakoanzia. Juu ya kinamasi hiki kuna mkeka wa nyasi na matete unaoelea: ukikanyaga, unayumba na maji yanabubujika pembeni mwa kiatu. Korongo taji hujenga viota kwenye majani marefu kama hayo, yaliyozungukwa na maji, mbwa wasiwafikie. Tangu 2012 ndege huyu yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani! Pandeni mianzi na miti ya kienyeji ukingoni, na pampu zinazovuta maji ya kinamasi kunyunyizia mboga ziondolewe.