Maswali ya Wasomaji: Udhaifu 412 Si Hatari 412

SWALI: Nimetoka kwenye ulinzi wa seva, sasa nipo kitengo cha utawala, hatari na uzingatiaji. Nilichukua matokeo ya skana (programu inayosaka mianya ya kiusalama kwenye mifumo), udhaifu 412, nikayamimina yote kwenye daftari la hatari. Mkaguzi amelirudisha, anasema hizo si hatari. Kosa liko wapi?

JIBU: Mkaguzi yuko sahihi. Skana huona udhaifu tu. Haijui seva imebeba nini wala nani anaimezea mate. Hatari hupatikana pale mali yenye thamani, tishio na udhaifu vinapokutana. Udhaifu wa alama 9.8 kati ya 10 za ukali kwenye kompyuta ya majaribio isiyo na data wala mtandao unaweza kungoja. Wa alama 6 kwenye mfumo wa malipo unaofikika kutoka intaneti usingoje.

Kila mstari wa daftari uwe na chanzo, tukio na madhara: "Kwa kuwa seva ya malipo haijasasishwa, wadukuzi wanaweza kuifunga kwa programu ya kudai kikombozi, na malipo yakasimama siku tatu." Ukikosa cha kuandika kwenye madhara, hiyo ni kazi ya mafundi, ipeleke kwenye orodha yao.

Kisha mwandike mwenye hatari, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanaandika "Idara ya TEHAMA". Idara haitii saini! Mwenye hatari ni mtu mwenye mamlaka ya kutoa fedha au kuikubali hasara, kwa mfano huu mkuu wa malipo, si msimamizi wa seva. Yeye ndiye anayeamua kuipunguza, kuiepuka, kuihamisha (kwa bima, tuseme) au kuikubali. Akiikubali, pawe na saini na tarehe ya kuipitia upya, la sivyo "tumekubali" hugeuka "tumesahau".

Wakubwa wakitaka tarakimu, zidisha hasara ya tukio moja kwa idadi ya matukio yanayotarajiwa kwa mwaka. Mfumo wa thamani ya 200,000 ukipoteza asilimia 40, hasara ni 80,000. Tukio likitarajiwa mara moja kila miaka minne, zidisha kwa 0.25: unapata 20,000 kwa mwaka. Kidhibiti, yaani hatua ya kujikinga, cha 30,000 kwa mwaka kitakula zaidi ya kinachookoa. Lakini wastani huo una ujanja wake: mwaka wa tukio hutalipa 20,000, utalipa 80,000 kwa mkupuo. Kama kiasi hicho kinaweza kuifunga taasisi, usiamue kwa wastani peke yake.

SWALI: Tunajiandaa kwa cheti cha ISO/IEC 27001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama wa taarifa. Ni lazima tutekeleze vidhibiti vyote 93?

JIBU: Hapana. Hivyo 93 viko Kiambatisho A cha toleo la 2022, na kisichowahusu mnaweza kukiacha, mradi sababu iandikwe kwenye tamko la utumikaji wa vidhibiti. "Hatuna bajeti" si sababu. "Hatutengenezi programu wenyewe" ni sababu. Mnavyovichagua navyo viandikiwe sababu, na kama vimeshatekelezwa au bado. Msichoweza kuacha ni vifungu vya 4 hadi 10 vya kiwango chenyewe, ikiwemo tathmini ya hatari, ukaguzi wa ndani na mapitio ya uongozi.