Mwache mtazamaji aseme kwanza

Ukipiga picha za dhana, zile zinazobeba wazo zaidi ya tukio, utasikia watu wakizisoma kwa namna ambayo hukuiwaza kabisa. Inauma, hasa ukiwa umehangaika na mwanga siku nzima. Ushauri wangu: usikimbilie kueleza. Nyamaza, mwache mtazamaji aseme, kisha muulize ni kitu gani ndani ya picha kilichompeleka huko. Swali hilo la pili ndilo lenye faida.

Nina picha ya mikono ya mwanamke iliyozungushiwa uzi mwekundu unaotokea nje ya fremu. Niliipiga nikiwaza subira, kazi ya mikono inayokwenda polepole na mwisho wake hauonekani. Wengi walioitazama waliona mateka. Nilipowauliza kwa nini, hawakutaja wekundu wala giza la nyuma, vitu nilivyodhani ndivyo vitakavyosema kwa sauti. Walinyoosha kidole kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pale uzi ulipoibana ngozi ikaingia ndani kidogo. Basi. Bonde dogo la ngozi lilikuwa limebeba picha nzima.

Mzee mmoja alisema jambo jingine: huyu anamuaga mtu, na mwenzake ameshika upande wa pili wa uzi. Katika picha hakuna mwenzake. Huyo alikuja naye moyoni.

Tangu hapo ninatenganisha mambo hayo mawili. Watu wasiojuana wakigusa sehemu ileile, chanzo kimo ndani ya fremu na unaweza kukishughulikia. Nilipiga nyingine, uzi ukiwa umelegea, na neno mateka likatoweka. (Hata hivyo ninaipenda zaidi ile ya kwanza. Subira isiyobana popote, kwangu mimi, si subira.) Lakini maana aliyokuja nayo mtu kutoka maishani mwake usiiguse wala usiisahihishe. Amekupa zawadi.

Kuhusu maneno yanayoandamana na picha, kuwa mwangalifu sana, maana yana nguvu kuliko tunavyokubali. Mwaka 1840 Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha ameegemea, macho yamefumbwa, kifua wazi. Bila maelezo ungesema amelala. Nyuma ya picha aliandika kwamba huo ni mwili wa Bayard aliyejitosa majini, kwa uchungu wa kuona serikali imempa Daguerre, mvumbuzi mwenzake wa upigaji picha, kila kitu na yeye hakupata chochote. Ukishasoma hayo, usingizi hauuoni tena. Naye Mwingereza John Hilliard, mwaka 1974, alichukua picha moja ya mwili uliofunikwa shuka, akaikata kwa namna nne na kuipa kila moja neno lake: amepondwa, amezama, ameanguka, ameungua. Mwili ni uleule. Kilichobadilika ni kinachoonekana kando yake, pamoja na neno moja.

Kwa hiyo mimi huonyesha picha mara ya kwanza bila jina, nikasikiliza. Kisha huwaonyesha watu wengine picha hiyohiyo ikiwa na jina. Jina likiwafanya wote waseme kitu kimoja, nalifuta na kutafuta jingine, hata kama hicho wanachokisema ndicho nilichokikusudia.