Maswali ya Wasomaji: Seli Hai na Sumaku Dhaifu

SWALI: Nimesoma kwamba uga wa sumaku dhaifu kama ule wa dunia huweza kubadilisha kazi za seli. Mwalimu wetu wa fizikia anakataa, anasema nishati yake ni ndogo mno. Nimwamini nani?

JIBU: Hoja ya mwalimu wako ni nzito. Uga wa dunia ni mikrotesla 25 hadi 65 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) kutegemea mahali, na nishati inayoipata elektroni moja humo ni ndogo mara milioni kadhaa kuliko ile ya mtikisiko wa joto ndani ya seli. Hauwezi kuvunja muungano wowote wa kikemia.

Lakini ipo njia isiyohitaji nguvu. Mwanga wa buluu ukiipiga protini iitwayo kriptokromu, elektroni huruka kutoka triptofani, mojawapo ya viungo vya protini hiyo, kwenda flavini, molekuli inayofyonza mwanga ndani yake. Hapo hubaki molekuli mbili, kila moja ikiwa na elektroni isiyo na mwenzi. Kwa muda wa kama mikrosekunde moja, spini za elektroni hizo (tabia inayoifanya kila elektroni iwe kama sumaku ndogo) hubadilika kati ya hali mbili, na hali hiyo ndiyo huamua kama elektroni itarudi ilikotoka au mmenyuko utaendelea. Uga dhaifu hubadilisha kasi ya mabadiliko hayo, basi. Mwaka 2021 Ikeya na Woodward wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha mng'ao wa asili wa seli za HeLa (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) ukipungua kwa asilimia chache kila sumaku ilipopitishwa. Tahadhari: walitumia militesla 25, yaani mikrotesla 25,000, mamia ya mara zaidi ya uga wa dunia.

Bakteria wenye chembe za magnetiti (madini ya chuma yenye usumaku) ni habari nyingine kabisa. Chembe zao zimepangwa kama mnyororo, kwa hiyo uga wa dunia huwageuza mwili mzima.

SWALI: Nataka kujaribu kwa hamira. Koili nizifunge vipi, na ni nini huharibu matokeo?

JIBU: Tengeneza koili mbili za duara zenye nusukipenyo cha sentimita 15, uziweke sentimita 15 mbali, zikitazamana. Kila moja iwe na mizunguko 50. Ziunganishe kwa mfululizo, mkondo ukizunguka upande uleule, ampea 0.2 zitakupa takriban mikrotesla 60 katikati. Tumia chanzo kinachodhibiti mkondo, si volti pekee, maana waya ikipata joto ukinzani hupanda na uga hushuka. Uga wa dunia nao bado upo, na hujumlishwa na wa koili kwa kufuata mwelekeo, hivyo pima katika pande zote tatu.

Kinachowadanganya wengi ni joto. Koili iliyowashwa hupasha sahani ya kukuzia hamira, hamira hukua haraka, na sumaku inapewa sifa isiyo yake. Dawa yake ni kufunga waya mbili kwa pamoja, kila moja mizunguko 25 kwa kila koili, na kuweka swichi ya kugeuza mkondo wa waya moja. Ukiugeuza, nyuga zinafutana ilhali joto linabaki lilelile. Huo ndio ulinganisho wa haki. Koili iliyozimwa haitoshi. Pima joto ndani ya sahani yenyewe, tofauti isizidi nyuzi 0.1.

Usiamini kabati la kukuzia seli kabla ya kulipima. Chuma cha kuta, mota ya feni na sumaku za mlango hufanya uga utofautiane kwa makumi ya mikrotesla, pengine zaidi, kati ya rafu moja na nyingine. Kisha mpe mtu mwingine kazi ya kuchagua swichi, ili anayehesabu makoloni (vikundi vya hamira vilivyoota kwenye sahani) asijue ni ipi iliyochaguliwa. Na sahani kumi ndani ya koili moja kwa siku moja ni jaribio moja, si kumi! Rudia siku nyingine, ukibadilishana nafasi za sahani.

SWALI: Nyaya za umeme mkubwa karibu na nyumba zina madhara?

JIBU: Mwaka 2002 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliziweka nyuga za sumaku za masafa ya chini (zinazogeuka mara chache kwa sekunde, kama za nyaya za umeme) katika kundi 2B, yaani huenda zikasababisha saratani. Msingi wake ulikuwa uhusiano wa kitakwimu na lukemia ya watoto, pale wastani ulipozidi mikrotesla 0.3 hadi 0.4. Njia ya kibiolojia inayoeleza uhusiano huo haijathibitishwa. Kikomo cha mwaka 2010 kwa umma cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ayoni, katika hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), ni mikrotesla 200, na kiliwekwa kuzuia msisimko wa neva, si saratani.